Alishinda Oscar, akaenda kufundisha

Mwezi huu ngoja nikuibie siri ya nyumbani kwangu.

Juzi usiku, watoto wameshalala, mume wangu alipunguza sauti ya tivii akaniambia, "Mke wangu, nafikiria kuacha kazi ya matangazo nikafundishe." Nikacheka nikidhani ananitania. Nilipoona hacheki, swali lililonitoka lilikuwa, "Sasa watu watatuonaje?" Yaani sikumuuliza hata anataka kufundisha nini. Akanyamaza, akaongeza sauti ya tivii. Kusema ukweli, nilijionea aibu.

Kesho yake nikakumbuka kisa cha David Puttnam. Kama umewahi kuangalia Chariots of Fire, The Killing Fields au The Mission, kazi ya Mwingereza huyu unaijua, maana ndiye mtayarishaji wake. Hiyo ya kwanza ilinyakua Oscar ya filamu bora mwaka 1982. Mwaka 1986 akakabidhiwa studio ya Columbia kule Hollywood, ingawa hakudumu. Na huyu ni mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 16, kisha akapitia kwenye matangazo, kama huyu wangu!

Mtu wa namna hiyo si angekaa tu ale jasho lake? Thubutu! Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliiweka filamu kando akahamia kwenye elimu. Mwaka 1998 alianzisha tuzo za walimu nchini Uingereza, ili nao wapande jukwaani wapigiwe makofi. Kuanzia 2007 hadi 2014 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha huko. Mwaka 2012 akaanzisha Atticus Education, akawa anawafundisha wanafunzi wa vyuo kwa njia ya intaneti kutoka nyumbani kwake Ireland.

Kilichonigusa ni kwamba filamu hakuitupa. Aliyoyapata kwenye kupatia na kukosea ndiyo yaliyogeuka kuwa somo. Sisi tunamwona mtu kama huyo ameshuka, kumbe amebeba kila kitu na kwenda kuwagawia wengine.

Basi jioni ile nilizima tivii mwenyewe. Nikamuuliza, "Hivi unataka kufundisha nini?" Jamani, aliongea mpaka saa sita! Sijamwona na uso ule tangu uchumba. Halafu tukachukua kalamu na karatasi, maana mapenzi hayalipi ada: kodi ya nyumba, shule, mkopo wa gari. Mshahara utapungua, tena si kidogo. Tumekubaliana aanze na vipindi vya jioni kwa mwaka mmoja, kisha tukae tena.

Sijui tutafika wapi. Ila siku mwenzio atakapokufungulia moyo usiku, angalia sana swali lako la kwanza. Huenda asikufungulie mara ya pili.

Tukutane mwezi ujao.