Tisini ya Nani?

Mpwa wangu ana kompyuta ya mtumba aliyonunuliwa na mama yake alipomaliza kidato cha nne. Mwezi uliopita nilimshauri ajaribu Fallout: New Vegas, gemu ya mwaka 2010 ambayo mashine yake inaimudu bila taabu. Aliitafuta kwenye simu, akatazama kwa sekunde chache, akaniambia: "Mjomba, hii ina themanini na nne tu." Hakusoma hata sentensi moja ya mhakiki yeyote. Ile "tu" imenikaa kooni tangu siku hiyo.

Siku hizi vijana wanabishana kwa alama za gemu kama wanavyobishana kwa pointi za ligi. Lakini pointi za ligi zina kanuni. Ushindi ni tatu, sare ni moja, na Simba na Yanga wanahesabiwa sawasawa. Alama ya gemu haina kanuni ya namna hiyo. Mtu mmoja amecheza kwenye mashine yake, mara nyingi akikimbizana na siku ya kuchapisha, kisha akatakiwa aligeuze lile alilohisi liwe tarakimu. Ushahidi wake una thamani kubwa. Tarakimu yake ina thamani ndogo mno, na sisi tumeushika mkia tukamwacha ng'ombe.

Hiyo 84 yenyewe ina kisa. Studio ya Obsidian iliitengeneza New Vegas kwa malipo ya mkupuo kutoka kwa mchapishaji wake, Bethesda, bila fungu katika mauzo. Ziada ilikuwepo, lakini kwa sharti moja: wastani wa alama kwenye tovuti ya Metacritic ufike 85. Chris Avellone, mmoja wa viongozi wa studio hiyo, alilisema jambo hili hadharani mwaka 2012. Gemu ilipata 84, na ziada ikapotea. Wahakiki walikuwa na haki ya kulalamika, kwa sababu ilitoka na hitilafu nyingi, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekaa akaamua kwamba kazi ile ilipungukiwa na pointi moja. Metacritic hukusanya alama za vyombo mbalimbali, hugeuza nyota na herufi ziwe sehemu ya mia, kisha huvipa vyombo vingine uzito mkubwa kuliko vingine. Uzito huo hauwekwi wazi. Kwa hiyo ukitaka kujua ile pointi moja ilipotelea wapi, huna pa kuitafuta.

Na mia yenyewe si mia ya kawaida. Metacritic inaipa filamu rangi ya kijani kuanzia 61, lakini gemu lazima ifike 75. Katika mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania, 75 ni A. Mpwa wangu angeleta 84 ya hisabati nyumbani, tungechinja kuku. Katika gemu, wahakiki wamezoea kugawa alama kati ya 7 na 9 hivi kwamba 7 inasomeka kama kufeli, na nusu nzima ya chini ya kipimo haina kazi.

Halafu kuna wastani. Wengi huuamini kuliko alama ya mtu mmoja, wakidhani kwamba watu wengi wakijumlishwa, makosa yao yanafutana. Death Stranding ilipotoka 2019, jarida la Famitsu la Japani liliipa 40 kwa 40, na tovuti ya IGN ya Marekani ikaipa 6.8 kwa 10. Wapo walioiona kazi ya kipekee, wapo waliochoka kubeba mizigo mlimani saa baada ya saa. Wastani ukaja 82. Lakini ile 82 ilikuwa maoni ya nani? Gemu ile iliwagawa watu, na hilo ndilo mnunuzi alilopaswa kulijua kabla ya kutoa fedha. Wastani ulilifuta. Angalau Famitsu huweka wahakiki wanne, kila mmoja na alama yake mbele ya macho yako, ukaona nani amependa na nani amekunja uso.

Kinachoniuma zaidi ni suala la mashine, kwa sababu hapo anayeumia ni mtu wa kipato cha kawaida. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo, kampuni ya CD Projekt iliwapa wahakiki toleo la kompyuta peke yake, na ikawazuia kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe. Alama za kwanza zilipanda hadi karibu na 90. Watu waliokuwa na PlayStation 4, mashine iliyotoka mwaka 2013, wakaiamini namba hiyo wakanunua. Walichokuta ni gemu inayoganda, inayojizima katikati, yenye sura za watu zilizofifia kama sabuni iliyokwisha. Ilikuwa mbovu kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuahidi kurudisha fedha. Ilirejea Juni 2021.

Wahakiki wale hawakudanganya. Walichoandika kuhusu toleo la kompyuta kilikuwa kweli, na baadhi yao walieleza wazi kwamba toleo la konsoli hawajaliona. Maelezo hayo yalikuwa kwenye aya. Namba haikuyabeba. Namba ilisafiri peke yake kutoka simu hadi simu mpaka ikamfikia mwenye PS4 ya zamani, naye akaisoma kana kwamba ni yake. Wakuu wa CD Projekt wenyewe, baada ya mkasa ule, waliacha kufunga bonasi za wafanyakazi wao kwenye alama za wahakiki. Sisi wanunuzi tumeendelea kuzishikilia.

Najua jibu linalokuja: tatizo ni rushwa, wahakiki wamenunuliwa. Shinikizo lipo. Mwaka 2007 mhakiki Jeff Gerstmann alifukuzwa kazi GameSpot baada ya kuipa Kane & Lynch alama 6, wakati tangazo la gemu hiyo limetanda kwenye tovuti ileile, na mwaka 2012 alithibitisha kwamba mambo hayo mawili yalihusiana. Lakini hata mhakiki msafi kama maji ya kisima bado anakupa namba iliyotoka kwenye mashine ambayo huna, katika wiki ambayo imeshapita. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 bila mambo kadhaa yaliyoahidiwa, ikabaki na 71 kwenye PS4. Watengenezaji wake wakaendelea kuifanyia kazi, na 2018 wakaongeza kucheza pamoja kikamilifu. Metacritic hupokea alama ya kwanza ya kila mhakiki na haiibadilishi. Ile 71 inahukumu gemu ambayo huwezi tena kuinunua.

Wala namba haijui gemu itachezewa wapi. Nenda kwenye banda la gemu mtaani, Mbagala au Likoni, utazame kinachofanya gemu iwe nzuri pale. Benchi moja, pedi mbili, watu sita wanasubiri, anayefungwa anaachia pedi. Wahakiki wa Ulaya na Marekani hulalamika kila mwaka kwamba gemu ya mpira haijabadilika vya kutosha, wakaikata alama. Kwenye benchi lile kutobadilika ni neema: aliyekwenda kijijini mwaka mzima anarudi, anashika pedi, na vidole bado vinakumbuka. Nimeona matoleo ya zamani ya PES, gemu ya mpira, yakichezwa kwa kelele na jasho miaka mingi baada ya kampuni yenyewe kuyasahau.

Kuna anayeniambia kwamba mtu hana muda wa kusoma, namba inamsaidia. Namwelewa, lakini anayebana shilingi ndiye asiyeweza kumudu kosa. Mwenye fedha akinunua gemu mbovu, atanunua nyingine kesho. Kusoma aya tano ni bei rahisi kuliko diski, na ni rahisi kuliko bando linaloteketea kwa kupakua masasisho ya gemu usiyoipenda. Na inawezekana kabisa kuhakiki bila namba: tovuti ya Rock Paper Shotgun ya Uingereza imefanya hivyo tangu 2007.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mlioanza kuhakiki gemu kwa Kiswahili, kwenye video na kwenye magazeti, msirithi ugonjwa huu. Semeni mmecheza kwa saa ngapi na kama mmefika mwisho. Semeni gemu inakula bando kiasi gani, na kama inachezeka umeme ukirudi lakini intaneti haijarudi. Semeni kama watu wawili wanaweza kukaa benchi moja wakaicheza. Na kabla ya yote hayo, katika sentensi ya kwanza kabisa, tuambieni mmecheza kwenye mashine gani.