Anza na bushi, si rimu

Ndugu mwandishi, makala yako imekimbilia rimu kubwa mapema mno. Kwa Ford Escort ya miaka ya 1970, fedha ya kwanza iende kwenye bushi, bolijointi na shokomzoba. Magari mengi ya umri huo yanayumba kwa sababu mpira wa bushi umekwisha, wala si kwa sababu yaliundwa vibaya.

Escort ilitoka kiwandani na rimu za inchi 12 au 13. Ukilivalisha za 17, mara nyingi gurudumu linakuwa zito, shokomzoba inashindwa kulituliza kwenye mashimo, na tairi linakwangua fenda ukikata kona. Rimu iliyotokeza sana nje nayo inachosha beringi na kufanya usukani kuwa mzito.

Kukata springi ili gari likae chini, hapana! Dereva Hannu Mikkola alishinda Safari Rally mwaka 1972 na Escort, na magari ya mashindano yale hukaa juu, springi zikiwa na nafasi ya kucheza. Barabara zetu za matuta zinataka hivyo hivyo.

Mwisho, pima alaimenti kabla ya kununua kitu kingine chochote.