Aliyepotea Hujulikana kwa Kuhesabiwa



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili napenda tutafakari jambo ambalo kwa haraka laonekana kuwa la wasomi tu: kukusanya takwimu.

Mwezi Machi 2020, Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, alitangaza kufungwa kwa shule na, siku iliyofuata, vyuo, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Mwanafunzi aliyerudi Nachingwea au Ruangwa huku akidaiwa utafiti chuoni alikuwa katika wakati mgumu. Watu walihofia kumkaribisha mgeni, wazee walihitaji kulindwa, na tarehe ya kukabidhi kazi ilikuwa ikimsubiri. Hapo ndipo kishawishi hubisha hodi: kuketi chini ya mkorosho na kujaza madodoso yote kwa mkono wake mwenyewe. Nani angejua?

Lakini takwimu ya kubuni ni ushahidi wa uongo, na wanaoulipia ni wengine. Ardhi ya Nachingwea yalijua hilo. Mwaka 1946 wataalamu watatu kutoka Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa majuma machache tu, na mwaka uliofuata mradi mkubwa wa karanga ukaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa Nachingwea. Mvua na udongo havikuwa vimechunguzwa vya kutosha. Reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini karanga zilizotarajiwa hazikupatikana. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kupotea takribani pauni milioni 36, na baadaye hata reli iling'olewa. Aliyekosa subira ya kuuliza alivuna hasara.

Hata hivyo, hasara ya fedha ni ndogo kuliko hasara ya mtu. Mwaka 2020 taifa letu lilitangaza wagonjwa 509 wa Korona na vifo 21, kisha hesabu hiyo ikasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Misiba haikusimama. Mwezi Machi 2021, Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, alieleza kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki katika muda wa takribani miezi miwili. Hesabu hiyo haikuwa cheti cha daktari. Ilisema tu kwamba hawa walikuwapo, na sasa hawapo. Kwa maoni yangu, lilikuwa tendo la huruma, kwani mtu asiyehesabiwa hufa mara mbili.

Tukumbuke mfano wa Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 15. Mchungaji aliwezaje kutambua kwamba kondoo mmoja kati ya mia hayupo? Sharti alikuwa amewahesabu. Upendo wake ulianza kwa hesabu ya kweli, kabla hajachukua hata hatua moja kuelekea nyikani. Kama angeandika mia kwa mazoea, yule mmoja angebaki porini, na daftari lingeonekana safi kabisa.

Basi, nawaomba ninyi vijana wa vyuo: kama umefika kwenye nyumba thelathini badala ya mia, andika thelathini, na ueleze kwa nini. Mwalimu mwenye haki ataipokea kazi pungufu iliyo ya kweli. Na wewe mzazi, kijana akibisha hodi na dodoso lake, mpe kiti na umjibu ukweli, hata ule unaokuaibisha, kama vile mtoto aliyeacha shule au mgonjwa aliyefichwa ndani. Viongozi wa jumuiya ndogondogo nao wasiache kuleta parokiani majina ya marehemu wetu, ili kitabu cha wafu kiwe kamili sawa na kile cha ubatizo.

Mungu wetu amezihesabu hata nywele za vichwa vyetu. Hatuwezi kufikia hesabu yake, ila tunaweza kukataa kumfuta yeyote aliyemo ndani yake.

Nawatakieni juma lenye baraka.

Paroko wenu