Kitazame Chombo Ndani

Kusi inapopoa, kuanzia Septemba, vijana wetu hukodi mashua kuzuru visiwa vya Lamu: Manda, Pate, Ndau hadi Kiwayu. Ni matembezi mema. Lakini naona chombo huchaguliwa kwa rangi ya ubavuni na ukubwa wa mashine, na hilo lanitia hofu.

Mimi humwomba nahodha afunue mbao nitazame ngama. Maji kidogo si kitu, chombo cha mbao hakikosi kuvuja; bali yakirudi upesi baada ya kufuliwa, kalafati imekwisha. Kisha nayatazama mataruma, kama yameoza penye misumari. Mashine ni neema, ila huzimika. Basi mlingoti, foromali na tanga zima viwemo, na upo, na maboya ya kuvaa kwa kila abiria, watoto kwanza. Twasema tumetawakali. Vema, lakini tawakali haizibi tundu.

Pia huuliza chombo chazama kiasi gani majini. Mkanda, ule mlango wa mikoko baina ya Manda na bara, zamani maji yakipwa ulikuwa haupitiki na chombo kizito.

Mwaka mmoja nahodha, jamaa yangu, alijaza watu mpaka maji yakakaribia ukingo. Niliona haya kumkataza, maana tulikuwa tumekula pamoja mchana ule. Tulifua maji tangu alasiri hata isha, wanawake wakilia na watoto wao mapajani. Siku hizi hushuka, hata kama nauli nimekwisha kulipa.