Siri zetu zisitoke kwa barua pepe

Ndugu wafanyakazi,

Karani akikosea jina moja tu la mpokeaji, orodha yenye mishahara, namba za vitambulisho na majibu ya hospitali ya shamba zima humfikia mtu baki. Ikishatoka hairudi. Kumfukuza karani si dawa. Mtambo wa barua pepe waweza kupangwa uzuie barua yenye namba hizo isitoke nje mpaka mkubwa wake aikague. Basi mwajiri aupange! Sheria za kulinda taarifa zetu zimetungwa: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Tumeuza nguvu zetu, hatukuuza magonjwa yetu. Kila tawi lidai kinga hii iandikwe katika mkataba wa pamoja.

Umoja ni nguvu!