Vichekesho vya papo kwa papo: Nani anacheka, nani anaumia?

Vichekesho vya papo kwa papo havina maandishi. Msanii anaomba neno kutoka kwa watazamaji, anamvuta mmoja mbele, kazi inaanza hapohapo. Nairobi, kundi la Because You Said So limejijengea jina kwa mtindo huo. Dar es Salaam, majukwaa kama Cheka Tu yamewafanya vijana wengi waone kuchekesha ni kazi kama kazi nyingine.

Lakini mtindo huo ukipelekwa kata ya pembezoni kama Bugomora, wilayani Kyerwa, mambo yanabadilika.

Mzaha wa mpakani

Chukua mzaha mdogo tu: "Wewe si wa huku, umevuka juzi." Dar watu watacheka, watasahau. Kyerwa, wilaya ya Kagera inayopakana na Uganda na Rwanda, neno hilo ni zito. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na maelfu ya watu waliotajwa kuwa wahamiaji haramu wakaondoka. Wapo walioacha nyumba na familia walizojenga kwa miaka mingi.

Huko, anayeitwa mgeni jukwaani Jumamosi anaweza kuamka Jumatatu majirani wakimnyooshea kidole.

Ualbino nao hivyohivyo. Mwaka 2024 Kagera ilitikiswa na mauaji ya mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino wilayani Muleba. Mahali ambapo ushirikina umeshaua, kuchekesha watu kwa ngozi ya mtu ni kucheza na moto.

Utani una mipaka yake

Wapo wanaosema vichekesho vikiwekewa masharti vinakufa. Mbona utani wa makabila haujafa? Mtani anaweza kuvuruga hadi msiba, lakini kila mtu anajua nani ni mtani wa nani, na anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Jukwaani ni tofauti: maiki anayo mmoja, simu za kurekodi ziko mia.

Masharti hayo pia si kumziba msanii mdomo. Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa na polisi baada ya kusambaza video akicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Msanii naye anahitaji usalama, hasa anapomgusa mwenye nguvu. Kumcheka mkubwa ni jambo moja. Kumcheka binti aliyevutwa mbele bila kuulizwa ni jingine kabisa.

Kinachowezekana bila bajeti kubwa

Kwanza, apande anayejitolea tu, na akisema "basi", igizo lisimame palepale. Pili, mshereheshaji ataje mwanzoni yasiyoguswa: uraia wa mtu, ulemavu, ugonjwa, mwili wa mtu. Tatu, video ya mtazamaji isirushwe mtandaoni bila ruhusa yake, maana klipu ikishatoka hairudi.

Nne, muda. Onyesho likiisha usiku wa manane, wasichana wengi hawaji, na wanaokuja wanarudi gizani. Likianza alasiri, ukumbi unabadilika wenyewe. Mwisho, awepo mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko, asiwe msanii mwenyewe.

Hakuna kati ya hayo kinachopunguza kicheko. Mtu asiye na hofu ya kugeuzwa kichekesho hukaa viti vya mbele, na wiki ijayo huja na jirani yake.