Kujinyima Nyama Tusiyokuwa Nayo

Kila Kwaresima twawasikia Wakristo wakijisifu kwamba Ijumaa hawakuonja nyama. Nasi twawauliza, nyama hiyo wangeitoa wapi? Katika vijiji vyetu vingi nyama huliwa siku ya arusi na Sikukuu ya Noeli. Siku nyingine ni ugali na mboga. Kuacha kitu kisichokuwamo chunguni ni toba gani?

Wala hatuidharau sheria. Aliyetimiza miaka 14 imempasa kujinyima nyama, na Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu mtu mzima hufunga mpaka amalizapo miaka 59. Lakini Papa Paulo VI, katika waraka wake juu ya toba wa mwaka 1966, alitofautisha toba ya nchi zenye mali na ya nchi maskini, akawapa Maaskofu ruhusa ya kuweka sala na matendo ya mapendo mahali pa kujinyima nyama.

Na yapo ya kujinyima hata kwa maskini, maana pombe haikosekani kijijini. Tumemwona mtu aliyekataa mchuzi wa kuku siku ya Ijumaa, na jioni ile ile akakaa kilabuni hata usiku, hali kibarua aliyempalilia shamba amekwisha kuja mara tatu kudai ujira wake. Nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea wafungao huku wakiwaonea watumishi wao. Mahindi yale sasa yamebeba, na kibarua hajalipwa.